Kilomita 5, 10 au 21: mbio zako za kwanza ziwe zipi?

Bango la mbio limetua kwenye kundi la WhatsApp la ofisini. Ada inalipwa kwa simu, fulana ina rangi nzuri, na wenzako watano wameshajisajili. Umeamua kwenda. Kinachokukwamisha ni kile kisanduku cha umbali: 5, 10 au 21?

Ukianza kuuliza watu utachanganyikiwa zaidi. Aliyewahi kukimbia 21 atakwambia 5 ni ya watoto na mgeni rasmi. Aliyeumia goti atakuapia usithubutu kupita 5. Na yupo atakayekushauri umbali wowote ule, mradi apate mtu wa kwenda naye. Kila mmoja anasema kweli yake, ila hakuna kati yao anayejua mwezi uliopita umekimbia mara ngapi.

Hapa nalinganisha hizo tatu tu. Marathoni kamili, kilomita 42.195, naiweka pembeni kwa makusudi. Wapo walioanza nayo wakamaliza, lakini maandalizi yake ni ya miezi mingi, na aliye tayari kwa hayo kwa kawaida hana tena swali la kuuliza.

Vipimo vyangu ni vitano: muda utakaokaa barabarani, wiki za maandalizi, kinachoweza kuupata mwili, gharama, na jinsi siku yenyewe inavyokwenda. Cha kwanza nimekipa uzito kuliko vingine, maana ndicho kinachosahaulika. Bango linaandika kilomita. Mwili unahesabu dakika, na kwa hali ya hewa ya huku kwetu unahesabu na jua.

Muda barabarani

Mtu mwenye afya ya kawaida anayeanza, akikimbia na kutembea kidogo kidogo, hutumia dakika 7 na nusu hadi 9 kwa kilomita. Kwa mwendo huo, 5 ni dakika 40 hivi. 10 ni kati ya dakika 75 na 90. Nusu marathoni, ambayo kamili ni kilomita 21.0975, ni saa mbili na dakika arobaini hadi zaidi ya saa tatu, kwa sababu mwendo wa kilomita ya tatu sio utakaokuwa nao kilomita ya kumi na nane.

Sasa weka jua kwenye hesabu. Chukua mbio zinazoanza saa 12 kamili asubuhi Dar es Salaam, mwezi Julai. Jua linachomoza karibu saa 12 na nusu. Wa kilomita 10 anafika saa 1 na robo, au saa 1 na nusu akijikongoja, na jua bado la upole. Wa 21, ikigonga saa 2 bado ana kilomita tano au zaidi mbele yake, lami imeanza kurudisha joto, fulana imelowa chepechepe na upepo wa baharini umekata. Na Julai ni kipindi cha baridi kwa watu wa pwani. Ratiba hiyo hiyo ukiipeleka Februari, saa ya tatu inakuwa habari nyingine kabisa.

Wa kilomita 5 naye asijione amesalimika. Mbio nyingi huwaachia kwanza wa 42, kisha 21, kisha 10, na wa 5 huondoka mwisho, pengine saa 1 imeshapita. Lakini dakika 40 za jua la asubuhi hazimwangushi mtu mzima mwenye kofia na aliyekunywa maji kabla ya kutoka.

Bara mambo hugeuka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Arusha 1,400 hivi. Asubuhi kuna ubaridi na jua halina haraka, ila hewa ni nyepesi. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyeingia Ijumaa jioni ataishiwa pumzi kwa mwendo ambao kwao anaukimbia huku akipiga soga. Kwenye 5 utashtuka tu, upunguze mwendo, maisha yaendelee. Kwenye 21 deni hilo utalilipa kilomita zote zilizobaki.

Wiki za maandalizi

Kilomita 5 inaandalika kwa wiki 6 hadi 8 kutoka sifuri: mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara. Unaanza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kila wiki unaongeza za kukimbia. Kutembea katikati si aibu wala si udanganyifu. Aliyeueneza mtindo huo, Jeff Galloway wa Marekani, mwenyewe alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Kilomita 10 inataka wiki 8 zaidi juu ya hapo. Anayeanzia kwenye kiti cha ofisi ajipe miezi mitatu hadi minne. Zoezi moja la wiki linakuwa refu, linafika kilomita 8 au 9, mengine mawili yanabaki mafupi. Na kama uko kwenye jogging ya mtaani, hizi za alfajiri za fulana moja na nyimbo barabara nzima, uko karibu na 10 kuliko unavyodhani. Zina faida nyingine ambayo saa ya mkononi haikupi: ukiweza kuitikia mchakamchaka bila kuhema, mwendo ni sahihi. Ukishindwa kuitikia, umezidisha. Kwa dada anayetoka nyumbani giza halijaisha, kukimbia na kundi pia ni usalama dhidi ya mbwa na vibaka.

Nusu marathoni ndiyo inayodai. Wiki 12 hadi 16, na hizo zianze kuhesabiwa siku ambayo kilomita 8 hazikutishi tena. Mazoezi mara nne kwa wiki. Ila mzigo wenyewe uko kwenye lile zoezi refu la mwisho wa wiki linaloongezeka taratibu hadi kilomita 16 au 18. Linakula Jumapili yako: unaamka saa 11 alfajiri, unarudi saa 2, misa ya kwanza imekupita, unakula kama mpagazi, na mchana shemeji wamekuja wewe umesinzia kwenye kochi. Jumamosi usiku harusini unaondoka kabla ya keki. Fanya hivyo kwa miezi mitatu na kila mtu nyumbani atakuwa na maoni. Ndiyo maana nashauri suala la 21 lijadiliwe na mwenzi wako kabla ya kulipa ada. Kwa 5 haina haja, hata hawatagundua.

Kuna jambo la kalenda pia. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na kuingia Machi, kipindi hicho hicho ambacho mbio za Kilimanjaro hufanyika Moshi. Anayefunga anaweza kufanya mazoezi mafupi kabla ya futari au baada ya tarawehe, na kwa 5 hayo yanatosha. Zoezi la kilomita 16 kwa saumu ni jambo la kuliepuka. Kwa 10 au 21 tafuta mbio za katikati ya mwaka au za Oktoba.

Kinachoweza kuupata mwili

Kilomita 5 inakupa kichomi ubavuni na mapaja yanayouma siku mbili, hasa kwenye kushuka ngazi. Anayeumia zaidi ya hapo mara nyingi ni yule aliyetoka mbio kama anafukuzwa.

Kilomita 10 inaongeza malengelenge na goti linalolalamika. Soksi mpya ndizo zinazotoa malengelenge, pamoja na raba uliyoinunua juzi kwa ajili ya siku yenyewe.

Kwenye 21 orodha inakuwa ndefu: misuli ya vigimbi kubana, kucha za vidole gumba kuwa nyeusi, mapaja kuchubuka kwa ndani, na kwa wanaume chuchu kutoa damu kwa kusuguliwa na fulana ya mbio iliyolowa. Mafuta ya mgando yanatibu nusu ya matatizo hayo kabla hayajatokea. Paka mapajani, kwapani, kifuani na kati ya vidole vya miguu, usione haya. Jingine ni maji. Watu wanaogopa kuishiwa maji, na ni sawa, lakini anayekaa barabarani saa tatu akinywa chupa nzima kila kituo anaweza kuizimua chumvi ya damu hadi akachanganyikiwa na kuanguka. Kunywa kwa kiu. Kwenye joto kali pata na kinywaji chenye chumvi au kipande cha ndizi na chumvi kidogo.

Mwenye presha, kisukari, selimundu au historia ya maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, hata kama ni 5. Aliyejifungua karibuni vilevile. Na ukiamka na homa siku ya mbio, baki nyumbani ukapime malaria. Fulana wataitunza.

Mfuko

Tofauti ya ada kati ya umbali mmoja na mwingine kwa kawaida ni ndogo, ndiyo maana watu hushawishika: nikishalipa hela yote hii, si bora nipate kilomita nyingi? Hesabu hiyo inafaa kwa kununua kitenge. Gharama halisi iko kwenye viatu, nauli na malazi.

Kwa 5, raba yoyote nzima uliyoizoea inatosha. Kwa 10 iwe ya kukimbilia, si ya mpira wa kikapu wala ya mtindo. Kwa 21 usibahatishe, na uwe umeivaa wiki kadhaa. Hii haimaanishi dukani. Raba nzuri za mtumba zipo masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, ila zikague. Geuza soli utazame kisigino: kikiwa kimeliwa upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na mguu wako utalazimishwa kuufuata. Kisha bonyeza ile sehemu laini ya katikati kwa kidole gumba. Inatakiwa ibonyee na kurudi. Ikiwa imekakamaa kama ubao, kiatu kimekaa ghalani miaka, hata kama juu kinang'aa. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole mbele.

Wengine wanachagua kwa kuangalia hela inakwenda wapi, na ni sababu nzuri. Mbio za benki ya CRDB za kila Agosti Dar es Salaam zimekuwa zikichangia matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na zile za benki ya NBC za Julai Dodoma zimejikita kwenye saratani ya shingo ya kizazi. Hapo 5 na 21 vinafanya kazi moja.

Siku yenyewe

Kilomita 5 ni sherehe. Kuna watoto, kuna vigari vya kusukuma, kuna kampuni nzima nyuma ya bendera moja, na kuna mgeni rasmi ambaye akichelewa nusu saa nanyi mnasubiri nusu saa. Muda mara nyingi haupimwi kwa chipu, kile kifaa kidogo cha kurekodi muda wa kila mkimbiaji, na medali si lazima uipate. Kilomita ya kwanza utaitumia kupenya watu wanaopiga picha. Kama ulitaka kujua uwezo wako, utaudhika. Kama ulitaka kujua tu inakuwaje kuvaa namba kifuani ukashangiliwa na watu usiowajua, hakuna pazuri zaidi.

Kilomita 10 ina uzito wa kutosha. Watu wamenyamaza kidogo pale mwanzoni, chipu ipo, na bado ukiishiwa kuna wenzako wengi wanaotembea. Kwangu huu ndio umbali unaodharauliwa bila sababu: mrefu kiasi cha kukulazimisha ufikiri, mfupi kiasi kwamba Jumatatu unapanda daladala kama kawaida.

Kwenye 21 uliza mapema muda wa mwisho wa kumaliza. Kuna mbio ambazo baada ya saa tatu barabara inafunguliwa, bodaboda zinarudi, na vituo vya maji vya mwisho vimebaki na vikombe vitupu. Mtu wa mwendo wa pole asitegemee kituo kila kilomita tatu hadi mwisho. Abebe chupa ndogo yake na kanoti cha kununulia maji njiani.

Jioni ya kuamkia 21 kula wali au viazi, na maharage yasubiri Jumatatu, maana foleni ya vyoo pale uwanjani haina huruma. Asubuhi chai na mkate, au uji, saa mbili kabla. Kwa 5 kula unavyokula siku zote.

Umbali wowote utakaochagua, kuna mtego mmoja pale jukwaani: mkufunzi wa viungo na muziki mkubwa. Dakika ishirini za kuruka naye zinapendeza kwa wa 5. Wa 21 apashe misuli polepole pembeni. Na filimbi ikilia, tulia. Mkimbiaji wa Tanzania Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho Christchurch mwaka 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, lakini yeye alikuwa Bayi. Mfano unaotufaa sisi ni wa Mtanzania mwenzake, Alphonce Simbu. Kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, alikaa ndani ya kundi akisubiri, na dhahabu aliichukua kwenye hatua za mwisho kabisa, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Kilomita mbili za kwanza acha wakupite wote wanaotaka kupita.

Nyumbani au ugenini

Umbali ule ule si mbio zile zile. Nusu marathoni ya mbio za Kilimanjaro, ambazo zimekuwa zikifanyika Moshi tangu 2003, inapanda kwa muda mrefu kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha chini. Mandhari haina mfano na mashabiki wa njiani wanajua kushangilia, ila aliyefanyia mazoezi Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, peke yake atakutana na mlima asioujua. Isitoshe, chaguo la kawaida pale limekuwa 5, 21 au 42. Anayetaka 10 hana pa kujiweka, na wengi hujikuta kwenye 21 kwa sababu hiyo tu. Mbio za Lewa nchini Kenya, zilizoanza mwaka 2000, ni za barabara ya vumbi ndani ya hifadhi, mahali pa juu na penye vilima. Ni mbio za kuziota, na ni nzuri zaidi kama hazikuwa za kwanza.

Kusafiri kunaongeza nauli, nyumba ya wageni iliyopandisha bei wiki hiyo, na usiku wa usingizi nusu. Kwa 5 peke yake ni gharama kubwa isipokuwa mnakwenda kundi na mnataka matembezi. Mbio za mjini kwako unalala kitandani kwako, choo unakijua, na barabara umeshaipita mara mia.

Kwa hali yako

Zimebaki chini ya wiki sita na hujakimbia tangu shule: 5. Hakuna mjadala hapa, hata kama ofisi nzima wamejaza 10.

Unatembea sana kila siku, au uko kwenye jogging ya mtaa, na una miezi miwili: 10 inakufaa, na 5 itakuisha kabla hujapata joto.

Umewahi kucheza mpira au riadha, magoti ni mazima, una miezi minne na watu wa nyumbani wamekubali kukupoteza Jumapili: 21 inawezekana kuwa ya kwanza. Chagua yenye njia tambarare na inayoanza mapema. Ukiwa mtu wa pwani, epuka ya Februari.

Unataka kwenda na watoto, au na mama mwenye sukari aliyeambiwa na daktari atembee: 5, na mtembee yote. Dakika 55 kwa mwendo wa kutembea haraka si kitu cha kuona haya.

Unapunguza uzito na magoti yameanza kuuma kwenye ngazi: 5 kwanza, kisha 10 baada ya miezi kadhaa kama maumivu yamepungua.

Uko katikati, hujui kabisa: wikiendi hii kimbia na kutembea kwa saa nzima bila kuangalia kilomita. Ukimaliza na bado unaweza kwenda sokoni, jaza 10. Ukimaliza umelala sakafuni, jaza 5. Na kama umeshalipia 21 na wiki tatu kabla ya siku hujafika kilomita 14 hata mara moja, wapigie waandaaji uulize kama wanakubali ushuke umbali wakati wa kuchukua namba. Wakikataa, nenda, tembea kila kilomita ya tatu tangu mwanzo, na uwe na nauli mfukoni ya kukurudisha kama mwili utakataa.